Feisal, Nilisikiliza Nusu

Feisal, mdogo wangu,

Nakuandikia kwenye kitabu cha oda, maana karatasi nyingine sina hapa. Ukikifunua utaona upande mmoja katoni za penseli na mikoba ya shule, upande wa pili wewe. Nimekaa kwenye kigoda cha plastiki ndani ya duka la laoban Mei, ghorofa ya tatu, Yide Lu hapa Guangzhou, lile duka la vitu vya kuchezea ambalo wewe ulilijua kwa kelele zake tu. Laoban, bosi mwenyewe, anakula wali wake kwenye kopo na mgongo amenigeuzia. Najua amenigeuzia makusudi, ili nilie kwa nafasi. Silii. Nimeshalia mpaka nikajichukia.

Sijui barua ya mtu wa upande wako huanzwaje. Dua nakuombea kila baada ya sala, hilo halina haja ya kuandikwa. Nilichokaa kukuandikia ni kwamba wiki hii nimefanya jambo ambalo Ami Seif alinikataza, nami nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mtu mwingine. Haya, cheka. Nani mwingine atakwambia?

Kwanza habari za nyumbani. Mwanao Sabra ameng'oka meno mawili ya mbele na yameota mengine makubwa, sasa akicheka ni wewe mtupu. Mkeo Raya anashona mashungi na hajataka kusikia habari ya posa, na walioanza kunong'ona amewafunga midomo. Mama goti linamsumbua. Ukutani kwake bado zipo zile saa tatu ulizomtundikia, ya Unguja, ya Guangzhou na ya kwako Marekani. Ya kwako betri imekwisha na hakuna anayethubutu kuitia nyingine wala kuishusha.

Na mimi nimekuwa mwoga, Feisal. Mimi huyu, Zuhura, niliyekuwa nikigombana na mawakala wa meli mpaka wananikimbia. Wiki ile ya msiba mteja mmoja alikuwa anajaribu sampuli hapa dukani, bunduki ya plastiki, tak tak tak, nami nikajikuta nimechutama nyuma ya katoni, mikono kichwani. Laoban Mei aliniinua akanipa maji ya moto, maana hawa kila ugonjwa wanautibu kwa maji ya moto. Hakuuliza. Tangu siku ile mteja akishika bunduki yeye humwonyesha kidole kwenda nje, kwenye korido. Lakini korido nayo ina mwangwi, na mwangwi unanifuata mpaka kwenye ngazi, mpaka kwenye metro. Nikisimama kwenye foleni ya ukaguzi pale chini, mkoba wangu umo kwenye mashine, askari ananiamrisha ninywe funda la maji yangu mwenyewe aone kama si petroli, nakusikia unacheka. Huwa nageuka. Kweli nageuka kukutafuta.

Pale ndipo voisi zako zilipokuwa zikinikuta kila siku, asubuhi yangu na usiku wako. Ulikuwa ukisimulia kama mtangazaji wa mpira. Ndivyo nilivyomjua Mzee Walter bila kumwona: dereva wa basi la shule aliyestaafu, kapooza upande mmoja, mkali kama pilipili, na wewe ndiye uliyemwogesha, ukamlisha, ukamgeuza ubavu asichubuke mgongo. Saa zako zililipwa na serikali ya jimbo, kutoka mfuko wa wazee na wasiojiweza. Na mfuko huo ndio uliokuwa ugomvi wa nchi. Upande mmoja walisema unalea wavivu. Upande wa pili walisema mtu asiyeweza kujigeuza kitandani hawezi kuitwa mvivu wala mchapakazi. Ukawa unanichambulia kila asubuhi, mimi nakusikiliza kwa sikio moja huku natafuta kiti.

Nakumbuka ile ya meza mbili. "Da Zu, hawa watu wana meza mbili. Kwenye meza ya kwanza Mzee Walter anaambiwa alete karatasi ya daktari kwamba bado amepooza, utadhani kupooza ni mafua. Kwenye meza ya pili anakuja mtu kununua bunduki, na wakitaka kumwongezea swali moja tu, wapigadebe wanajaa ukumbini." Wapigadebe ndilo jina ulilowapa wale watu wa suti wa chama cha wauza bunduki, kwa sababu, ulisema, kazi yao ni ile ile ya kule stendi, kuita na kusukuma watu wapande. Mimi nilikujibu uache siasa za watu, uoge ulale.

Na nakumbuka siku mlipokwenda kwenye jengo la bunge la jimbo, wewe unasukuma kiti cha magurudumu, Mzee Walter kavaa tai. Mlangoni walikukagua begi wakautoa mkasi mdogo wa kumkatia mzee kucha, wakasema hauruhusiwi. Pembeni yenu akapita bwana mwenye bastola kiunoni, akaonyesha kadi yake, wakamfungulia na kumwamkia. Ulikuwa huwezi kumaliza kusimulia kwa kucheka. Mzee Walter naye aliwauliza wale askari, "Mnaogopa atakata kucha za nani?"

Mbunge wenu alikuwa ameahidi kuzitetea saa za wazee. Ahadi yenyewe aliitoa barazani kwa Mzee Walter, akanywa na chai yake. Lakini mabango yake ya uchaguzi yaligharimiwa na wapigadebe, nao walitaka ile sheria ya kumchunguza mnunuzi wa bunduki ifukiwe. Akaenda akabadilishana kura na wale waliotaka mfuko upunguzwe: nipeni hili langu, nami nitawapa lile lenu. Sheria ikafukiwa na mfuko ukakatwa, mchana mmoja. Siku hiyo hukucheka. Ulisema tu, "Da Zu, wamenikata saa zangu nusu. Lakini mgongo wa mzee haujui kama saa zimekatwa." Ukaendelea kwenda kumgeuza hata zile saa zisizolipwa, na wakati huo huo ukaanza kutafuta kibarua cha pili.

Sasa nafika pale nilipokuwa napakwepa.

Ilikuwa hapa hapa, kwenye kigoda hiki. Nilikuwa nakusanya mzigo wa sikukuu. Wewe unajua Idi ya kwetu: mtoto akishapata nguo mpya na peremende, anaelekea viwanja vya sikukuu kununua bunduki. Sisi pia tulikuwa hivyo, wewe ukinipiga kisogoni na ile ya maji. Bwana Haji wa Darajani, mteja wangu mkubwa, kila mwaka oda yake ya kwanza ni bunduki. Mwaka ule alitaka nyeusi, zinazofanana na za kweli. Laoban Mei akasema "meiyou", hazipo. Nikamwambia atengenezeshe. Akasema "bu xing, bu xing", haiwezekani, hapa ukiuza inayofanana na ya kweli polisi wanakufungia duka. Ana za rangi ya chungwa na za kijani tu. Nikamcheka. Nilimwambia kwa Kichina changu kibovu kwamba nchi nzima hii mnaogopa plastiki. Ndipo simu ikalia mlio wa ujumbe, na ni voisi yako.

Nilibonyeza, nikaiweka sikioni. "Da Zu, nimepata kazi duka la kituo cha mafuta, zamu za mchana, karibu na kwa mzee. Unaonaje, nichukue?" Laoban Mei alikuwa amenyanyua ile ya chungwa anaipiga juu kunionyesha inavyolia. Nikakukata pale pale. Nikabonyeza kitufe nikakujibu: "Chukua. Usilete mchezo." Nikarudi kwenye bei.

Sekunde mbili. Ujumbe wangu una urefu wa sekunde mbili, na ndani yake inasikika ile bunduki, tak.

Ukachukua. Mzigo wangu ukapakiwa kwenye kontena. Na kontena likiwa baharini, saa sita mchana ya kwenu, kijana mmoja akagombana na wewe juu ya mashine ya mafuta iliyomeza kadi yake. Alikwenda kwenye gari akarudi. Bunduki alikuwa ameinunua wiki ile ile, dukani, kwa halali. Denise, binti wa Mzee Walter, ndiye aliyenipigia. Nilikuwa ndiyo kwanza nimekunja msala wa alfajiri. Alisema maneno mengi, nikashika moja tu, kwamba risiti ya bunduki ilikuwa bado mfukoni mwa yule kijana.

Watu wa msikiti wa huko wakakuosha wakakuzika, Mungu awalipe. Wazanzibari wa hapa walikusanyika kwenye mkahawa mmoja wa Xiaobei, wakakusomea. Na Unguja Ami Seif akamwambia Mama kwamba ni ajali ya gari. Alisema Mama ana presha, na kadari ni kadari, gari au risasi ni mamoja. Sote tukakubali. Mimi nilikubali upesi kuliko wengine, na hakuna aliyejua kwa nini.

Arubaini yako ikaangukia siku za Idi. Raya alinitumia video. Ukumbini wamekaa watu na misahafu, uani watoto wa mtaa mzima wanakimbizana na bunduki za rangi ya chungwa, na Sabra wako, na kanzu yake mpya, anaingia mlangoni, anamwelekezea Mama yetu mtutu na kusema, "Mikono juu!" Mama akainua mikono. Watu wakacheka katikati ya machozi. Na mimi hapa Guangzhou nilikuwa naijua ile katoni, Feisal. Nilikuwa nimeiandika mwenyewe kwa wino wa kalamu nene.

Nilitaka kusikia sauti yako tu, basi. Nikaifungua ile voisi ya siku ile, nikasikia "nichukue?", na safari hii sikuikata. Nikaiacha iende. Kumbe ilikuwa haijaisha.

"Lakini Da Zu, nikwambie ukweli, naogopa kidogo. Jamaa aliyekuwepo kabla yangu ameacha kwa sababu ya vitisho. Meneja anasema nikate kibali niweke bastola chini ya kaunta. Nimemwambia mikono hii ni ya kuogesha wazee. Kwa hiyo niambie wewe. Ukisema nikatae, nakataa."

Hiyo ndiyo nusu ambayo sikuisikiliza. Nimeisikiliza tangu siku hiyo, nikipiga mswaki, nikipanga foleni, nikisubiri wakala wa meli. Sauti yako inafika "nakataa" halafu inanyamaza, na chini yake inafuata ya kwangu, chukua. Kila siku nakujibu vilevile. Nimejaribu kuufuta ujumbe wangu na mkono ukagoma, kwa sababu nikiufuta ya kwako itabaki inauliza.

Denise aliniandikia mwezi uliopita. Suala la mfuko na lile la bunduki yamerudi bungeni kwao, na kutakuwa na kikao cha kusikiliza wananchi. Alitaka mtu wa damu yako aseme kwa nini mlezi wa wazee alikuwa nyuma ya kaunta ya kituo cha mafuta. Nitume sauti, ataicheza mbele yao. Kikao kitarushwa mtandaoni, yaani Unguja yote itakuwa imeona kabla ya adhuhuri ya kesho yake. Ami Seif akaja juu: tusiingie siasa za watu, na Mama akisikia risasi ataanguka, je, nataka kuzika wawili? Sikumlaumu. Nusu yangu ilifurahi kupata sababu ya kunyamaza.

Nikakaa nalo siku kadhaa. Mwishowe nikasema kama nitasema, Mama asisikie kwa majirani. Nikampigia mchana wake, Raya yuko naye pale na dawa ya presha mkononi. Nikamwambia yote. Gari hakuna, Mama. Na kibarua kile mimi ndiye niliyemwambia achukue, na aliniuliza nikamsikiliza nusu.

Nikasikia kuku wa uani. Halafu akauliza, "Mtoto wa nani?" Sikuelewa. "Huyo aliyempiga, mtoto wa nani?" Nikasema sijui, Mama, mtoto wa watu. Akauliza, "Na bunduki alipewa na nani?" Nikasema hakupewa, alinunua dukani. "Dukani?" akasema. "Dukani, kama unakonunua wewe?"

Nilitaka kumwambia hapana, Mama, yangu ni ya plastiki.

Kuhusu mimi hakusema kitu siku hiyo. Hakunisamehe na hakunilaumu, na bado nangoja, nitakudanganya nikikwambia vingine. Alisema tu kwamba kama nitakwenda kusema mbele ya hao wakubwa, nikutaje kwa majina matatu, wasije wakadhani ni mtu asiye na wazee. Asubuhi yake Raya akaniambia Mama ametia betri kwenye saa yako.

Basi nikarekodi. Nilirekodi humu dukani, laoban Mei kafunga mlango na kuwafukuza wateja korido nzima. Feisal Othman Juma, nikaanza. Nikaeleza mfuko, nikaeleza saa zako, nikaeleza kaunta. Halafu nikaweka voisi yako nzima, na baada yake ya kwangu na tak yake. Denise alinisihi niitoe hiyo ya mwisho. Alisema wapigadebe wataidaka, watasema basi lawama ni ya dada yake. Nikamwambia wacha waseme. Sehemu yangu nitaibeba mimi, wao wabebe ya kwao, wasitumie kimya changu kujifichia.

Jana ndiyo wameisikiliza. Kila mtu alipewa dakika mbili. Kengele ya mwenyekiti ililia mara tu uliposema "nakataa", na jibu langu hawakulisikia. Denise alidhani nitafurahi. Feisal, nilikaa kwenye ngazi za metro watu wakinipita, na sikuwa na furaha yoyote, maana hata nilipotaka kukiri mbele za watu, nako nilikatwa nusu. Kuamua hawajaamua. Mfuko bado ni mdogo, na yule bwana wa bastola, Denise anasema, alipita mlangoni kwa kadi yake kama kawaida. Mzee Walter alivaa tai. Mlezi wa sasa anakuja nusu siku tu, na mgongo umeanza kuchubuka.

Leo nimemwambia Bwana Haji bunduki sileti. Amefoka, amesema Idi bila bunduki atauza nini, atatafuta mtu mwingine wa kumnunulia, na atampata leo leo, njia hii imejaa wanunuzi. Sitaizuia Idi yoyote. Nilimpigia Sabra nikamuuliza anataka nini, akasema mapovu, yale ya sabuni. Nikaja kwa laoban Mei. Akaniletea ya mapovu kwa furaha zote, na ni bastola, Feisal. Unabonyeza, mtutu unatoa mapovu. Nikasema hapana, akaleta nyingine, kubwa zaidi, ya mikono miwili. Nimezunguka Yide Lu tangu asubuhi, duka kwa duka, na mapovu yote ya siku hizi yana kifyatulio. Mwisho bibi mmoja wa ghorofa ya chini kabisa, kwenye vumbi, ndiye aliyenitolea katoni moja ya zamani, vichupa vidogo vyenye kijiti na pete, vya kupuliza kwa mdomo. Iko hapa miguuni mwangu. Juu yake nimeandika Sabra.

Laoban Mei amemaliza kula, anataka kigoda chake. Nikuage, mdogo wangu. Mungu akulaze mahali pasipo na mlio.

Nakuahidi hivi. Sabra atakapokua atauliza ulikuwa unafanya nini kwenye kaunta ile. Sitamwachia Ami Seif amjibu. Nitamchezea voisi yako yote, halafu na ya kwangu, na nitakaa pale pale mpaka amalize kunitazama. Na wewe ukinijia ndotoni una swali, nitaweka chini kila kitu. Sema taratibu. Nitakusikiliza mpaka mwisho.

Dada yako,
Zuhura